Mgodi Umetema: Kuzisikiliza Tamathali za Semi Nje ya Darasa

Ukifika Nyarugusu, Katoro au Mwakitolyo ukakuta bodaboda zinakimbizana zimepakia watu watatu watatu, na mama lishe wanahamisha masufuria kuelekea upande mmoja, ukiuliza kulikoni utajibiwa kwa kifupi: mgodi umetema. Maana yake kuna duara, yaani shimo la wachimbaji, limetoa mawe yenye dhahabu ya kueleweka. Hakuna atakayesimama kukufafanulia kwamba hapo imetumika tashihisi, kwamba shimo lisilo na koo wala ulimi limepewa tendo la kiumbe hai. Na wiki mbili baadaye mawe yakiwa matupu, utasikia mgodi umegoma.

Mwanafunzi wa sekondari wa Geita anaijua tashihisi. Amekariri kwamba ni kukipa kitu kisicho na uhai sifa za kibinadamu, na mfano wa kitabuni anao. Jambo ambalo hajaambiwa ni kwamba nyumbani kwao inasemwa kila siku, na kwamba kuna watu wanauza kuku na mbuzi kwa sababu yake. Nitalirudia hilo. Kwanza niseme ninachotaka kushauri, maana nawaandikia yeye na mwalimu wake, na vilevile mjumbe wa serikali ya kijiji ambaye mwezi ujao atakaa mkutanoni na watu wa kampuni ya madini.

Ushauri wenyewe ni mfupi. Kutaja jina la tamathali ni kazi ya sekunde tano. Kazi inaanza baada ya hapo, kwa maswali matatu: imechukua nini kwenye kile ilichokopa, imeacha nini, na kilichoachwa kingemfaa nani?

Wasukuma wana methali ya mtu aliyemwonyesha mwenzake nyota, mwenzake akaishia kutazama kidole. Majibu mengi ya fasihi katika mitihani yanafanana na huyo mtu wa pili. Swali linataka matumizi ya lugha katika riwaya; mwanafunzi anaorodhesha tashbiha, sitiari, takriri na mdokezo, kila moja na ukurasa wake, kisha anavuka. Chukua jina la riwaya ya Abdallah Safari, Joka la Mdimu. Kuandika kwamba ni sitiari au taashira ni kidole. Sasa uliza. Imechukua nini? Rangi ya kijani inayomficha nyoka katikati ya majani, hivi kwamba mchuma ndimu anapeleka mkono mwenyewe. Imeacha nini? Nyoka hakuchagua rangi yake wala hajui kwamba anadanganya, ilhali fisadi anajua. Hapo mwanafunzi ameshapata aya nzima ya kuandika, tena aya yenye hoja, na mtahini ataona kwamba kitabu kimesomwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote hautoki kwenye kitabu cha darasani. Ni Shinyanga yenyewe. Katikati ya miaka ya 1980, Mwalimu Nyerere alipoiona hali ya ardhi ya mkoa huu aliuita jangwa la Tanzania. Hiyo ni sitiari, na mubaalagha imechanganywa ndani yake, kwa sababu Shinyanga ilikuwa inapata mvua, ikilima pamba na mtama, na ng'ombe walikuwa tele. Lakini sitiari ile iliuma. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, uliodumu hadi 2004.

Iulize sasa ile sitiari. Ilichukua ukame, vumbi, na jicho kutokuona mti mpaka upeo wa macho. Iliacha sababu. Jangwa huwa ni kazi ya maumbile, wakati miti ya Shinyanga ilikatwa na watu. Wakati wa ukoloni misitu ilifyekwa kwa kampeni za kuangamiza mbung'o, baadaye mashamba ya pamba yakapanuka, mifugo ikaongezeka, na kuni zikahitajika kila siku. Iliacha pia jambo la pili, kubwa kuliko la kwanza: kwamba watu wa huko walikuwa na dawa yao tangu zamani, yaani ngitili, eneo la malisho linalofungwa mvua inapoanza ili majani yabaki ya kiangazi. Anayeambiwa anaishi jangwani anasubiri aletewe miche kwa malori. Anayeambiwa miti yake ilikatwa, na kwamba babu yake alijua namna ya kuiacha irudi, anafunga eneo lake mwenyewe. HASHI ilifanikiwa ilipolishika hilo la pili. Ngitili zilizokuwa zimerekodiwa kwa hekta zipatazo 600 mwaka 1986 zilivuka hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo usije ukadhani nakushauri uzichukie tamathali. Ile ya Mwalimu iliamsha watu. Nakushauri uangalie kilichobaki nje ya mlango wake.

Sasa nirudi kwenye mgodi unaotema. Tashihisi ikisemwa kwa furaha asubuhi haina tatizo. Tatizo huja pale msemaji anaposahau kwamba alikuwa anasema kwa tamathali. Kinachotema kwa hiari yake kinaweza kununa, na kinachonuna kinaweza kubembelezwa, na kinachobembelezwa hudai kitu. Hatua hizo tatu ni fupi sana, na mwisho wake yuko mganga anayetaja kafara. Mwamba wenyewe hauna habari na yeyote. Dhahabu ya Geita imekaa kwenye mikanda ya miamba ya kale sana, mahali mkanda ni mnene, mahali umekatika, na anayeweza kukuambia umeelekea wapi ni mjiolojia, au mchimbaji mzoefu anayesoma rangi ya jiwe.

Kanda ya Ziwa ilishalipa gharama ya tamathali zilizosahaulika. Kwa miaka mingi vikongwe wa vijiji vya Shinyanga na mikoa jirani waliuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na macho mekundu yalikuwa taashira ya uchawi. Taashira ni kitu kimoja kusimama badala ya kingine kwa makubaliano ya watu, na makubaliano hayo yanaweza kuwa ya uongo. Macho ya bibi yalikuwa mekundu kwa moshi wa miaka hamsini jikoni, kwenye mkoa ambao kuni zimekwisha na watu wanapikia kinyesi kikavu cha ng'ombe. Ukikata miti unapata moshi mbaya, moshi unapata macho, na macho yanapata panga. Mtu mmoja tu pale kijijini angeuliza taashira hiyo imeacha nini, jibu lingekuwa limekaa jikoni kwake mwenyewe.

Baada ya hapo, kuanzia takriban mwaka 2007, yakaja mauaji ya watu wenye ualbino. Imani iliyosambazwa ni kwamba sehemu za miili yao huleta utajiri wa migodini na ziwani, na kwamba wao wenyewe ni mizimu, hawafi, hupotea tu. Sikiliza lugha inavyofanya kazi hapo. Kuita mtu mzimu ni sitiari, na inachokiacha ni mama yake, darasa lake na jina lake. Kusema viungo badala ya kumsema mtu ni sinekidoki, sehemu kusimama badala ya kitu kizima, na vichwa vya habari viliirudia mpaka tukaizoea. Mwaka 2008 Rais Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir kuwa mbunge, na Januari 2015 Serikali ikapiga marufuku waganga wasio na kibali na ramli chonganishi. Hatua za dola zilihitajika. Lakini na sisi tunaofundisha lugha tulikuwa na kazi yetu, na bado tunayo: kumzoesha mtoto wa darasa la sita kusikia sinekidoki ikisemwa redioni na kuuliza mtu mwenyewe yuko wapi.

Tafsida inahitaji sikio la aina nyingine. Vitabu husema ni kupunguza ukali wa maneno, na mfano unaopendwa ni wa msiba: ametutoka, amepumzika. Hiyo ni tafsida ya heri. Lakini nenda kwenye eneo ambalo mgodi unapanuka, uhudhurie mkutano wa hadhara, utasikia kuhusu wananchi waliopisha mradi. Kupisha ni tendo la adabu. Unampisha mzee njiani, unampisha mwenye mzigo, kisha unaendelea na safari yako kwenye njia ileile. Familia iliyovunjiwa nyumba, ikafukua na makaburi ya wazee wake, haikumpisha mtu kwa namna hiyo, na njia ile hairudii.

Kipimo changu cha tafsida ni kuuliza inamstiri nani. Ikimstiri aliyeumia, mwache msemaji aitumie, hata wewe itumie. Ikimstiri aliyeumiza, au anayetaka kuumiza, iondoe na urudishe neno lake la kawaida kwa sauti, pale pale mkutanoni, bila matusi. Sema: "Mheshimiwa, unamaanisha tutahamishwa. Lini, wapi, na kwa kiasi gani?" Sheria za ardhi za mwaka 1999 ziko upande wako kwa sababu zimeandikwa kwa lugha isiyo na tafsida: zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Kila sifa katika hizo inaulizika. Kamili: je, mikorosho, kisima na choo vimehesabiwa? Haki: bei ni ya mwaka gani? Kwa wakati: tarehe iko wapi kwenye karatasi?

Jina la kundi nalo ni tamathali, ingawa halionekani hivyo. Mchanga uleule, kijana yuleyule mwenye sururu, akiitwa mchimbaji mdogo anastahili leseni na mafunzo, na akiitwa mvamizi anastahili mbwa na risasi. Sisemi kila anayeingia kwenye eneo la mtu ana haki. Nasema anayechagua jina amekwisha kutoa nusu ya hukumu, na wewe msikilizaji una ruhusa ya kuahirisha nusu hiyo mpaka usikie ushahidi.

Wanaharakati na viongozi wetu wanapenda sitiari ya vita. Machi 2017 Serikali ilipozuia kusafirisha nje makinikia, yaani mchanga wenye madini, lugha ya vita ya kiuchumi ilitanda kutoka Ikulu mpaka vijiwe vya kahawa Kahama. Vita ilichukua ushujaa na umoja, na nchi ilivihitaji. Ilichoacha ni mazungumzo, kwa sababu vitani anayezungumza na adui ni msaliti, na kwa miezi kadhaa ilikuwa vigumu kwa mtu wa kawaida kuuliza hesabu imepatikanaje bila kuonekana yuko upande wa pili. Hatimaye suala lenyewe lilimalizikia mezani. Ikaundwa kampuni ya ubia ya Twiga Minerals, Serikali ikiwa na asilimia 16, na mkataba ukasainiwa Januari 2020. Vita haina maneno ya kueleza matokeo ya namna hiyo. Biashara inayo.

Maswali ya balagha, ambayo vitabu vyetu huyaita tashtiti, yana dawa rahisi ajabu. Nani hapa hataki maendeleo? Nani hapendi watoto wake wasome? Swali limetengenezwa ili usijibu, na ukimya wako uandikwe kama kibali. Lijibu. Nyosha mkono useme: "Nayataka, na ningependa kujua barabara itapita shamba la nani." Nimeona mkutano mzima ukigeuka kwa jibu moja la aina hiyo lililotolewa na mama mmoja kwa upole, wala hakupandisha sauti.

Takriri haihitaji maneno mengi. Msemaji akirudia jambo mara tatu, angalia ni lipi hakulitaja hata mara moja.

Kijembe na kejeli ndiyo shule ambayo Usukuma inaweza kuifundisha Afrika Mashariki nzima. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimekuwa vikishindana tangu enzi za Ngika na Gumha, waganga wawili ambao simulizi zinasema waligombana juu ya nani ana dawa kali zaidi. Msimu wa mavuno vikundi viwili vinacheza siku moja, uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Kwa hiyo ningi, mtunzi na mwimbishaji wa kikundi, hana muda wa kupoteza. Anampiga mpinzani kijembe ambacho kila aliyepo anakielewa na hakuna anayeweza kukipeleka kwa mtendaji wa kata. Nguvu ya kijembe iko kwenye kile ambacho umma unakijua tayari, na ndiyo maana mgeni husimama pale akacheka kwa kuiga. Ukitaka kukichambua, usianze na maneno yaliyoimbwa. Anza kwa kumuuliza jirani yako: kuna nini kati ya hawa wawili? Ukishajua habari ya ng'ombe waliokopwa, wimbo unafunguka wenyewe. Njia hiyo hiyo itumie kwenye jukwaa la kampeni. Umati ukiangua kicheko na wewe hujui kwa nini, umepitwa na habari, nayo inafaa kutafutwa kabla ya siku ya kura.

Mubaalagha nayo ina heshima yake hapa. Ng'wanamalundi, jabali la Usukuma ambaye Emmanuel Mbogo alimtungia tamthilia ya Ngoma ya Ng'wanamalundi mwaka 1988, husimuliwa kwamba alinyoosha kidole miti ikakauka. Bibi anayekusimulia hataki umpelekee mtaalamu wa misitu. Anataka ujue kwamba palikuwa na mtu ambaye hata mkoloni alimwogopa, na mtoto wa kijiji kilichotawaliwa alihitaji sana kulijua hilo. Simulizi ikisimuliwa kama simulizi, ipokee hivyo. Lakini anayekuuzia hisa za duara kwa kusema utaoga noti hasimulii. Mwambie akuonyeshe leseni, na risiti za mauzo kutoka soko la madini.

Na kuna wakati mubaalagha inapaswa kunyamaza. Mwaka 2015 wachimbaji sita walifukiwa katika mgodi wa Nyangalata, Kahama. Mmoja alifariki, na watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakiwa wameishi kwa mende, vyura, mizizi na maji machafu. Jaribu kuongeza chumvi hapo uone unavyoharibu. Ukisema walikaa milele gizani umefuta 41, na 41 ndiyo inayomfanya msomaji ahesabu siku zake mwenyewe. Wanaoandika habari za ajali za migodini, nawaomba: andikeni namba, kina cha shimo, saa ya tukio, walichokula. Jambo likiwa kubwa lenyewe, kazi ya mwandishi ni kulisafishia njia.

Nimalizie na upande wa kutunga, kwa sababu vijana wengi wa huku wanaandika mashairi na nyimbo. Nasoma shairi la msichana wa Kishapu, nakuta mawimbi ya bahari, jahazi na minazi. Hajawahi kuiona bahari, na hakuna ubaya kuiwaza, ila tanga na minazi vimeshatumiwa na washairi wa pwani kwa karne kadhaa na wanavijua vizuri kuliko yeye. Yeye anajua majaruba ya mpunga yanavyong'aa mvua ikikatika. Anajua michembe inavyoanikwa juu ya mwamba, na matobolwa yanavyomkaba mtu asiye na maji. Anajua pamba iliyopakiwa kwenye lori mpaka matawi ya miti ya barabarani yanabaki meupe. Anajua mlio wa karasha, mashine ya kusaga mawe, usiku. Hakuna mshairi wa Lamu atakayemnyang'anya hivyo. Ukitafuta tashbiha, tembea nyumba kwa nyumba kijijini kwako kabla ya kwenda kwenye kitabu, na ukiona umeandika mweupe kama theluji, futa.

Kwa mwalimu anayetaka kuanza, zoezi lipo na halina gharama. Rekodi dakika kumi za kipindi cha mjadala kutoka Radio Faraja ya Shinyanga au Storm FM ya Geita, uwasikilizishe wanafunzi mara mbili. Mara ya kwanza waandike kila tamathali wanayoisikia. Mara ya pili wachague tatu tu na waziandike upya kwa lugha kavu, isiyo na mfano wowote, kisha walinganishe pande mbili: kipi kimeongezeka, kipi kimepotea, nani amepata na nani amekosa. Wiki inayofuata kila mmoja alete msemo mmoja kutoka nyumbani, wa dukani, wa machimboni au wa bibi, hata kama ni wa Kisukuma, aufafanulie wenzake kwa Kiswahili pamoja na mazingira uliposemwa. Usisahihishe matamshi siku hiyo. Andika ubaoni misemo yote pamoja na kilichoachwa nje na kila mmoja, na uiache ubaoni mpaka darasa la jioni nalo liisome.